Enfield ya Long Branch na mbao yake: uchambuzi wa kisa

Bunduki ya kisa hiki ni Lee-Enfield Namba 4 Mark I*, ya risasi za .303, iliyotoka kiwanda cha Long Branch, kando ya Toronto, mwaka 1943. Mwenyewe ni kijana wa Tanga anayeishi Alberta, magharibi ya Kanada. Aliipata kwenye mnada wa mali za mwindaji aliyefariki. Mbao yake ya mbele ilikuwa imekatwa kwa msumeno, jinsi wawindaji wa Kanada walivyozikata bunduki nyingi sana za aina hii baada ya vita ili ziwe nyepesi begani. Mtutu haukuguswa, ulikuwa na urefu wake wote. Kijana akatafuta mbao ya jeshi iliyokaa ghalani tangu zamani bila kutumika, akaifunga mwenyewe nyumbani, akaenda nayo uwanja wa shabaha. Risasi 5 alizopiga kwenye karatasi ya mita 100 zilitawanyika zaidi ya sentimita 25, nyingine juu kulia, nyingine chini kushoto, bila mpangilio wowote.

"Shikamoo mzee," aliniambia alipoileta. "Nadhani mtutu umechoka. Lakini triga imekuwa tamu! Mwanzo ilikuwa nzito, sasa naigusa tu."

Kilichonishtua hapo si mtutu. Triga ya Enfield ya jeshi huvutwa kwa hatua mbili. Ya kwanza ni ndefu na nyepesi, kisha kidole kinakutana na kizuizi, kisha inakuja ya pili, fupi na nzito, ndiyo inayofyatua. Askari alifundishwa kuimaliza hatua ya kwanza akiwa bado analenga, na kuisubiri ya pili kwa pumzi iliyotulia. Hatua ya kwanza ikipotea yenyewe, bila mtu kupitisha tupa kwenye chuma, maana yake kuna kitu kimehama mahali pake. Na kitu pekee kilichobadilishwa kwenye bunduki hii kilikuwa mbao.

Nimeamua kukiandika kisa chote kwa sababu watu wengi wanaorejesha bunduki hizi huanza na mbao kwa nia ya kuipendezesha: msasa, vanishi, kung'arisha. Katika Namba 4 Mark I na Mark I* mbao ni sehemu ya mashine. Inabeba mtutu, inapokea mshtuko wa kila risasi, na ndiyo inayopanga triga ikae umbali gani na ndoano inayoshikilia pini, ule mwiba unaoigonga risasi ilipuke. Ukiipunguza mbao hiyo milimita moja mahali pasipofaa, umeibadilisha bunduki.

Kwanza niseme bunduki yenyewe ni ipi. Long Branch kilikuwa kiwanda cha serikali ya Kanada chini ya kampuni ya Small Arms Limited, kilichoanzishwa 1940, Uingereza ilipokuwa imepoteza silaha nyingi Dunkirk. Bunduki za kwanza zilitoka 1941, na kufikia mwisho wa uzalishaji kiwanda kilikuwa kimetoa karibu 900,000. Wafanyakazi wake wengi wakati wa vita walikuwa wanawake. Upande wa kushoto wa chuma, nyuma ya mtambo, yaani kile chuma cha katikati kinachobeba mtutu na bolti, pameandikwa jina la kiwanda na mwaka, na alama ya herufi C yenye mshale ndani yake, yaani mali ya serikali ya Kanada. Alama hizo kwenye bunduki ya kijana zilisomeka vizuri, na namba ya mtambo ililingana na namba iliyogongwa nyuma ya mkono wa bolti, kile chuma kinachosukumwa kuifungia risasi ndani. Hilo si jambo la wakusanyaji peke yao. Bolti ya Enfield hufungia nyuma kwa meno mawili, na meno hayo yalisuguliwa kiwandani mpaka yakae sawasawa kwenye mtambo wake. Bolti ya bunduki nyingine inaweza kuingia na kufunga, huku jino moja tu ndilo linalobeba nguvu yote.

Kijana alikuwa na sababu yake ya kuitaka Enfield na si bunduki nyingine. Babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles, kikosi kilichopigana Ethiopia 1941, Madagaska 1942 na Burma 1944, na Lee-Enfield ndiyo iliyokuwa begani mwa askari wale. Kwetu bunduki hii haijawa historia kabisa. Kaskazini mwa Kenya, wafugaji waliopewa kazi ya polisi wa akiba wamebeba "Mark Four" miaka mingi baada ya uhuru. Kanada nayo iliwaachia walinzi wake wa kaskazini, wale Rangers wa kwenye barafu, Namba 4 hii hii tangu 1947 mpaka walipoanza kupewa bunduki mpya miaka michache tu iliyopita. Haikuganda kwenye baridi kali, basi hakuna aliyekuwa na haraka ya kuitupa.

Neno moja la sheria kabla ya kazi. Huku Kanada bunduki ya bolti kama hii haimo katika kundi la silaha zenye masharti ya ziada, ila mwenye nayo lazima awe na leseni, na leseni hutanguliwa na kozi ya usalama. Kijana alikuwa nayo. Msomaji wa Mombasa, Arusha au Bujumbura akikuta Enfield kwenye dari la babu, asiipeleke kwa fundi yeyote. Kuwa na silaha bila leseni ni kosa la jinai, hata kama imeoza, na pa kuipeleka ni polisi.

Tuanze na maganda. Nilimwomba aniletee maganda ya risasi alizopiga, na bahati nzuri alikuwa ameyaweka kwenye mfuko. Ganda tupu ni ushahidi mkubwa kuliko karatasi ya shabaha. Karatasi inakuambia risasi zilikwenda wapi, ganda linakuambia chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ilikuwaje wakati wa moto. Risasi ya .303 ina ukingo kitakoni, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame ndani ya chemba. Kati ya uso wa bolti na mahali ukingo unapokaa lazima pawe na nafasi ya kiasi maalumu. Jeshi la Uingereza liliiruhusu kati ya inchi 0.064 na 0.074, yaani milimita 1.63 hadi 1.88. Ikizidi, ganda linavutika nyuma kila risasi inapolipuka, shaba inakuwa nyembamba juu kidogo ya kitako, na siku moja linakatika vipande viwili ndani ya chemba.

Dalili yake huonekana mapema. Utaona mstari unaong'aa ukizunguka ganda karibu sentimita moja juu ya ukingo. Ukichukua waya mwembamba, ukaukunja ncha kama ndoana na kuupitisha ndani ya ganda, unausikia ukikwama kwenye mfereji mdogo mahali shaba ilipoliwa. Fataki, kile kidude kitakoni kinachopigwa na pini, nayo inaweza kutokeza badala ya kukaa usawa. Maganda ya kijana hayakuwa na mstari, waya ulipita bila kukwama, na fataki zilikaa sawa. Mabega ya maganda yalikuwa yamesukumwa mbele, jambo la kawaida kwa Enfield. Chemba zake zilichongwa pana makusudi, ili risasi yenye matope ya vitani iingie na itoke.

Nikapima kwa vipimo vya chuma. Bolti ilifunga juu ya kile kidogo na ikakataa kufunga juu ya kile kikubwa. Kichwa cha bolti kilikuwa namba 2. Vichwa hivi vilitengenezwa kwa namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, ili fundi wa jeshi arudishe nafasi iliyopanuka kwa kubadilisha kipande kimoja tu. Ni ubunifu ninaouheshimu sana. Ila wengi huamini kwamba namba pekee inatosha. Vipimo vya namba mbili zinazofuatana vinakaribiana mno, kwa hiyo kichwa kipya hupimwa kabla ya kuaminiwa.

Pana sehemu moja kwenye Mark I* ambayo kila mnunuzi anapaswa kuiangalia kabla hajatoa pesa. Kwenye Mark I ya kawaida kuna kitufe cha kukitoa kichwa cha bolti kwenye reli yake. Ili kuharakisha uzalishaji, viwanda vya Amerika Kaskazini vilikiondoa kitufe hicho na kukata pengo dogo kwenye reli, karibu na mbele. Kingo za pengo hilo humomonyoka. Zikimomonyoka sana, kichwa cha bolti kinaruka nje ya reli wakati wa kuvuta bolti kwa nguvu. Nilizimulika kwa tochi na kuzipitishia ukucha: kona moja ilikuwa imelika kidogo sana, nyingine ilikuwa kali kama mpya. Bolti ilipita hapo bila kutikisika, hata nilipoivuta huku nikiibinya upande.

Ndani ya mtutu palikuwa na mifereji miwili tu, ile inayoizungusha risasi inapotoka. Kijana alidhani mingine imelika. Hapana. Enfield ya kawaida ina mifereji mitano, lakini wakati wa vita Long Branch na kiwanda cha Savage cha Marekani walitoa mitutu ya mifereji miwili kwa sababu inachongwa haraka, na ilipojaribiwa ilionekana inatosha kabisa kwa kazi ya askari. Palikuwa na vidoa vya kutu ya zamani karibu na chemba. Fataki za jeshi za wakati ule ziliacha chumvi mtutuni, chumvi ikanyonya unyevu, na mwenye kuchelewa kusafisha akaamka na kutu. Dawa yake ilikuwa maji ya moto yaliyomiminwa kupitia chemba, kisha kukausha, kisha mafuta. Mafuta peke yake hayaiyeyushi chumvi. Mwindaji marehemu huenda alilijua hilo akalisahau siku moja mbili.

Mdomo wa mtutu ndio nilioukagua kwa muda mrefu zaidi, maana ndiko risasi inakoiachia bunduki. Askari walisafisha kwa kamba yenye kizito cha shaba, wakaivuta kutokea mbele, na kamba iliyovutwa upande mmoja miaka na miaka hukila chuma kama msumeno. Nilichomeka ncha ya risasi mdomoni nikaangalia imebaki nje kiasi gani: ilibaki sehemu ya kutosha, pande zote sawa. Kwa hiyo mtutu haukuwa umechoka. Risasi zilizotawanyika sentimita 25 zilikuwa na sababu nyingine.

Sasa triga. Bunduki ikiwa tupu, chemba imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, niliikoki, nikaisimamisha kwenye mkeka wa mpira, nikainua kitako kiasi cha kiganja kimoja na kukiacha kigonge chini. Tak! Pini ikaruka yenyewe.

Kijana alinyamaza. Nikaikoki tena, nikamwambia afanye yeye. Ikaruka tena.

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo uliyoiita tamu imekosa pa kushika."

Aliyoipiga uwanjani ilikuwa bunduki ambayo ingeweza kufyatuka kwa kugongwa na kiti. Na iliwezekana kuipiga kutwa nzima isionyeshe ubaya wowote, kwa sababu ubaya huo hauonekani mpaka siku itakapoanguka ikiwa na risasi chembani. Kila anayerejesha bunduki ya zamani, ya aina yoyote, naomba afanye jaribio hilo la mkeka kabla hajanunua hata risasi moja. Halihitaji kipimo wala fundi.

Chanzo kilipatikana kwa kufungua skrubu moja. Skrubu ya mbele ya kinga ya triga hupanda kutoka chini, inapita kwenye kinga, inapita ndani ya mbao, inashika kwenye mtambo. Ndani ya tundu la mbao lazima kuwe na bushi, kibomba kifupi cha chuma. Kazi yake ni kuweka mpaka. Unapokaza, kinga inapanda hadi inakutana na bushi na kusimama hapo, hata kama mbao imekauka na kusinyaa. Kwenye bunduki hii bushi haikuwepo. Wakataji wa mbao baada ya vita waliipoteza mara nyingi, kwa sababu huanguka yenyewe mbao inapotolewa, na ni ndogo kiasi cha kupotea kwenye vumbi la msumeno. Mbao mpya nayo ilikuja bila yake.

Kijana alikaza skrubu mpaka ikagoma, akidhani anafanya vyema. Mbao kavu ikabonyea na kinga ikapanda kupita kiasi. Na hapa ndipo Mark I* inapotofautiana na bunduki nyingi za rika lake: triga yake haikufungwa kwenye mtambo, imening'inizwa kwenye kinga. Kinga ikipanda, triga inapanda nayo. Ilipanda ikaanza kuisukuma ndoano hata kabla kidole hakijafika, na ndoano ikabaki imeushika mkia wa pini kwa ukingo mwembamba tu. Hatua ya kwanza ya triga ilikuwa imekwisha kuvutwa na skrubu. Waingereza waliliona tatizo hili la mbao kuvuruga triga, na kwenye Namba 4 Mark 2 ya baada ya vita wakaihamishia triga kwenye mtambo wenyewe. Mark I na Mark I* zilizobaki zinaendelea kuitegemea mbao.

Niliitoa mbao ya mbele nikitarajia kuigonga kidogo kwa nyundo ya mpira, maana mbao iliyokaa vizuri hutoka kwa shida hata skrubu zote zikiwa zimefunguliwa. Hii ilinidondokea mkononi. Kwa ndani, sehemu ya nyuma, kuna nyuso mbili ndogo za mbao, kulia na kushoto, zinazokumbatia chuma cha mtambo. Mimi huziita mabega. Mshtuko wa risasi hupita hapo. Yakiachia, mtambo unajongea ndani ya mbao kila risasi inapotoka, na kila unapopiga bunduki imekaa mahali tofauti na ilipokuwa mwanzo. Ni kama mpini uliokauka kwenye jicho la jembe: unaweza kuupiga kabari leo, lakini ukiendelea kulima na mpini unaocheza, jicho linazidi kupanuka.

Nilipaka chuma masizi ya koroboi, nikaifunga mbao, nikaitoa. Njia ya kizamani hii, na sijaona inayoishinda. Penye kugusana mbao hutoka nyeusi. Bega la kulia lilikuwa na doa dogo kama punje ya mtama, bega la kushoto lilikuwa safi kabisa. Mbele, karibu na mdomo, mtutu ulikuwa ukigusa mbao upande mmoja na kuiegemea. Namba 4 inataka mbao iuinue mtutu kwa nguvu ndogo kwenye ncha yake, kiasi cha kilo moja na nusu hadi tatu, huku katikati yote mtutu ukiwa huru. Hapa ulikuwa unasukumwa pembeni katikati, na kwenye ncha haukuinuliwa kabisa. Hiyo ndiyo sababu ya sentimita 25.

Mbao ilisinyaa kwa sababu ya hali ya hewa. Majira ya baridi Alberta, nje ni theluji na ndani ni hita, na hewa ya ndani inakauka mpaka ngozi ya mikono inapasuka. Mbao iliyokaa ghalani miaka mingi bila kutiwa mafuta, ikaletwa kwenye nyumba kama hiyo, hujibana. Kijana alikuwa amepanga kuipiga msasa na vanishi nikimaliza. Nilimwomba asifanye. Msasa ungezila kingo na kuzifuta alama za wakaguzi, na vanishi ingekaa juu kama ngozi bila kuingia ndani.

Matengenezo yenyewe yalikuwa kazi ya subira tu. Kwenye mabega nilibandika vipande vyembamba vya mbao ngumu kwa gundi ya epoksi, nyuzi zake zikielekea upande sahihi, kisha nikachonga kwa patasi kidogo kidogo: masizi, kufunga, kutoa, kuchonga palipo peusi. Fundi asiye na haraka hufika mahali ambapo mabega yote mawili yanatoka meusi kwa usawa, na mbao inaingia kwa kugongwa kiganja. Chini ya ncha ya mtutu niliongeza kipande kingine na kukipunguza mpaka ukiubana mtutu kwa vidole unasikia unasukuma kurudi. Palipokuwa panaegemea pembeni nilipakwangua. Bushi ilinunuliwa kwa muuza vipuri vya zamani. Nilipoiweka na kukaza skrubu, ilisimama pale inapotakiwa, na hatua ya kwanza ya triga ikarudi bila mimi kugusa chuma chochote cha triga. Sikugusa ndoano, sikugusa mkia wa pini. Chuma hakikuwa na kosa.

Mbao nzima, ndani na nje, ilipakwa mafuta mabichi ya mbegu za kitani yaliyopashwa moto kiasi, ikaachwa inyonye, ikafutwa, ikapakwa tena siku zilizofuata mpaka ikakataa kunywa. Ndani ya mfereji wa mtutu, ambako jicho halifiki, ndiko pa kupaka zaidi. Kutu ya juu juu kwenye chuma niliiondoa kwa mafuta na sufi laini ya chuma, bila kuifikia rangi ya zamani. Chini ya mstari wa mbao kulikuwa na vishimo vya kutu ya mvua za mwindaji. Vilisafishwa, vikatiwa mafuta, vikaachwa, kwa kuwa kuvisawazisha kungemaanisha kukipunguza chuma cha mtutu.

Jaribio la mkeka lilirudiwa baada ya mbao kutulia. Bunduki iligongwa, ikagongwa zaidi, ikatikiswa kwa mkono wa bolti. Pini haikuruka. Kitufe cha usalama kiliuvuta mkia wa pini nyuma kidogo kinavyopaswa, na kilipoachiwa hakuna kilichofyatuka.

Kwenye mnada kijana alipewa pia boksi la risasi za kijeshi za zamani, na alitaka tuzijaribu hizo kwa heshima ya babu. Nilikataa. Baruti ya zamani ambayo hujui ilihifadhiwa wapi haifai kujaribia bunduki iliyotoka kwenye matengenezo, maana likitokea jambo hutajua ulaumu kipi. Tulitumia risasi mpya za dukani, za uzito ule ule wa gramu 11.3 ambao vilengeo vya bunduki hii vilitengenezewa. Chemba na uso wa bolti vilikaushwa kabisa. Watu huacha mafuta humo wakidhani wanalinda, kumbe ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba, linarudi nyuma na kuipiga bolti kwa nguvu zote.

Risasi ya kwanza haikupigwa begani. Bunduki ilifungwa juu ya tairi la gari kwa mikanda, ikielekea kwenye tuta, kamba ikafungwa kwenye triga, na sisi tukasimama nyuma ya ukuta wa mbao nene. Wapo watakaosema ni woga kwa bunduki iliyokuwa imeshapigwa. Mimi nasema mbao imebadilishwa, kwa hiyo ni bunduki nyingine. Kila ganda lilitolewa, likaangaliwa fataki, likapitishiwa waya, ndipo lingine likafuata. Yote yalikuwa sawa. Baada ya hapo kijana akalala na bunduki begani.

Vilengeo vyake vya nyuma ni tundu mbili za kugeuza, moja ya yadi 300 na nyingine ya yadi 600, na tundu la yadi 300 kwenye mita 100 hupiga juu. Nilimwambia apasahau mahali risasi zinapofika na atazame zinavyokaa pamoja. Risasi 5 za kwanza zilikaa ndani ya sentimita 9, juu ya kitovu. Za pili zilikaa humo humo, mahali pale pale. Hilo la pili ndilo nililolifurahia zaidi, maana bunduki ambayo mabega yake yanaachia huwa inahama kadiri inavyopata joto, na hii haikuhama. Kwa mtutu wa mifereji miwili wa 1943 wenye vidoa, na vilengeo vya chuma vya kijeshi, sitaki zaidi ya hapo.

Ili zishuke tulibadilisha kilengeo cha mbele. Vilitengenezwa vya kimo tofauti tofauti, na kirefu zaidi hushusha risasi. Kijana alikitoa kile cha zamani mwenyewe, kwa kifaa cha kusukumia na si kwa nyundo na bisibisi, akasogeza kipya kulia kidogo mpaka risasi zikaingia kwenye duara jeusi. Skrubu ya kinga ikatiwa alama ya rangi nyeupe inayopita juu ya kichwa chake na juu ya chuma, ili ikilegea ionekane. Mbao iliyotiwa mafuta bado itasinyaa kidogo majira ya baridi yanayokuja. Amekubali kuirudisha mwezi wa Januari, hita zikiwa zinawaka, tupake masizi upya na tufanye jaribio la mkeka kabla haijapigwa tena.